Asilimia Themanini Hadi Kyarumba

Mmeniuliza mmoja mmoja, dukani, kwenye msiba wa mzee wa pale chini, hata bombani tukisubiri maji: "Zaina, kwani huko Uganda ilikuwaje?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa nasikia vipande vyenyewe havilingani. Wapo wanaosema nilikamatwa na wanajeshi. Wapo wanaosema nilimpata mama mdogo asiye wangu. Yote mawili yana ukweli kidogo, basi nimeona heri niandike tangu mwanzo.

Bukoba hadi Masaka

Wengi mnamjua mama kwa jina la Maimuna. Kwao, Kyarumba, milimani upande wa Kasese, anaitwa Masika. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, akienda huko kuchukua kahawa, na ndiko alikomkuta. Wazazi wa mama hawakutaka mkwe Mwislamu. Siku mama alipoondoka, aliyemsindikiza alikuwa mdogo wake, Biira, aliyembebea furushi kichwani mpaka barabarani. Baadaye mama alisikia kwamba Biira alichapwa vibaya kwa ajili ya furushi lile. Hawakuonana tena. Zilikuja barua mbili tatu, halafu kimya.

Sasa nyonga ya mama imekwisha, na daktari amesema apasuliwe. Mama akakataa. "Silazwi kabla sijamwomba Biira msamaha. Mkinibeba kwa nguvu, nitashuka kitandani." Kushuka kwenyewe hawezi, lakini mnamjua.

Bahati nzuri, Hajji Sulaiti wa Bwera, msafirishaji aliyewahi kufanya kazi na baba, alipiga simu akasema amesikia Kyarumba kuna mama mzee Biira, yu hai, anauza maharage, simu hana. Tukapanga hivi: mdogo wangu Rehema abaki na mama na simu yake, mimi niende. Nikimpata mama mdogo, napiga simu ya picha, waonane.

Kwa hiyo safari yote ilikuwa juu ya simu yangu, na simu yangu nayo ina habari yake. Ni mwaka wa tano ninayo, na betri ni ileile. Fundi aliye jirani na cherehani yangu ndiye aliyenifundisha kwamba betri hizi hazipendi kujazwa pomoni kila siku, wala kukaushwa mpaka zizime, na joto ndilo linalozizeesha. Akaniwekea mpango humo ndani: ikifika asilimia themanini, simu inaacha kupokea umeme. Ikishuka ishirini, naichomeka. Wenzangu wamebadilisha simu mara mbili, mara tatu. Mimi natamba na ileile. Mnanijua, nikipata jambo la kutamba silifichi. Hadi tunafika Masaka, jirani yangu kitini, muuza vitenge, alikuwa amesikia habari ya themanini mpaka akajifanya amelala.

Ya mpakani nayaruka.

Masaka hadi Katunguru

Basi la kuelekea magharibi lilikuwa liondoke saa nne. Liliondoka saa nane na nusu, kwa sababu dereva alikuwa amekwenda kunyolewa na kinyozi alikatikiwa umeme kichwa kikiwa nusu. Aliporudi, upande mmoja ulikuwa umenyolewa kwa mashine na upande wa pili kwa wembe, na hakuna abiria aliyethubutu kumlaumu. Nililala Mbarara. Asubuhi nikala katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo, zito, la kumshikilia mtu mpaka jioni, nikapanda basi lingine.

Katunguru, kwenye daraja la mfereji wa Kazinga, gurudumu lilianza kulia, tukashushwa wakati wanakaza nati. Wanawake walikuwa wakiuza sato waliokaangwa mzimamzima. Nilikula mmoja nimesimama, mafuta yakinitiririka kwenye kiwiko, kisha nikasogea upande wa daraja na kuinua simu juu kutafuta mtandao, nimjulishe Rehema nilipofika.

"Wewe mama! Simu leta hapa!"

Alikuwa mwanajeshi, mrefu, bunduki begani. "Nani alikuambia piga picha ya daraja?"

"Sikupiga picha, afande. Natafuta mtandao."

"Fungua. Picha onyesha."

Nikafungua. Akapitia picha zangu moja baada ya nyingine: sare za shule, kola za sare za shule, mama kitandani, paka wa Rehema, sare tena. Uso wake ukaanza kulegea. Akaigeuza simu, akaitazama mgongoni.

"Hii ni sawa na yangu. Yangu nilinunua nyuma ya hii, na iko karibu kufa. Yako inaishi namna gani?"

Akatoa yake mfukoni. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa kufungia pesa, na mgongo ulikuwa umevimba kama andazi. Nikamwambia aache kuichaji siku hiyohiyo, maana betri iliyovimba inaweza kushika moto, na ampelekee fundi aitoe. Akikwisha kuwekewa mpya, aishike kwa themanini. Nikamwonyesha mpango ulipo.

Akafikiri. "Themanini. Na kama natumwa huko, siku mbili, hakuna umeme?"

"Siku ya safari unajaza yote, afande. Themanini ni ya siku za nyumbani."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu. Yakumbukeni, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasahau baada ya siku moja. Afande akanirudishia simu, akanipigia saluti ndogo ya utani, na abiria waliokuwa wamekwisha kunionea huruma wakarudi kwenye samaki wao. Basi hivyo ndivyo "nilivyokamatwa".

Kasese

Nilipaswa kushuka Kikorongo, penye njia panda ya Bwera. Nilimwambia kondakta mara mbili. Alinisahau mara mbili. Nilipokuja kushtuka tulikuwa tunaingia Kasese mjini, jua kali, vumbi, milima ya Rwenzori imejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kuamshwa. Hajji Sulaiti nilipompigia alicheka. "Kaa hapohapo, binti yangu. Mimi niko na Fuso, nakuja Kasese kupakia simenti. Saa kumi tunaondoka pamoja."

Simu ilikuwa na thelathini na moja. Karibu na stendi nikaona kibanda cha kuchajia, ubao mmoja mrefu wenye soketi tele na simu zimelala kwa mistari, kila moja na namba yake kwenye karatasi. Mwenye kibanda alikuwa mama mnene, mtulivu, kwa jina Kabugho. Nikamwachia simu, nikaenda kutafuta kivuli na chai.

Nikarudi saa tisa. "Bado," akasema Kabugho.

"Imefika ngapi?"

"Imesimama makumi nane. Inakataa kujaa."

"Basi imejaa, dada. Nipe."

Akanitazama kama anayetazama mgonjwa anayetaka kutoroka hospitali. "Haijajaa. Mimi sitoi simu nusu. Watu watasema Kabugho anakula moto ya watu." Kwao moto ndio chaji. "Ngoja nabadilisha waya."

Akabadilisha waya, akabadilisha soketi, akaipuliza tundu la chaja, akaifuta kwa pindo la gauni. Ikabaki themanini. Nikamweleza, lakini maneno yangu yalikuwa ya Bukoba na yake ya Kasese, na kila niliposema "nimeizuia" yeye alielewa nimeiharibu. Wateja wakaanza kutoa maoni. Mmoja akasema simu za Tanzania haziupendi umeme wa Uganda. Saa kumi ikapita. Hajji akapiga honi barabarani, akapiga tena. Ndipo nikapata akili ya kuomba niishike tu mkononi, bila kuichomoa, nikamfungulia ule mpango akaona kwa macho yake.

Kabugho akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe wewe mwenyewe umefunga mlango! Na ile ishirini unaachia nani?"

"Naiachia betri, iishi."

"Haya. Mimi nilifikiri nimeua simu ya mgeni. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo."

Nikamwomba radhi. Mtu amehangaika saa nzima kulinda jina lake kwa sababu ya jambo ambalo ningemweleza mwanzoni kwa sentensi moja.

Kasese hadi Bwera

Kwenye Fuso ya Hajji nilikaa kama malkia, dirisha wazi, nyuma yetu simenti. Hajji ni mtu wa kusimamisha gari kila anapoona anayemjua, na anawajua wote. Alisimama kumpa pole mwenye msiba, akasimama kununua nanasi, akasimama kuuliza bei ya kitu ambacho hakukusudia kukinunua. Tulifika Bwera wakati wa magharibi. Mkewe, Hajjati Aisa, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko. Alitupikia obundu, ugali wao wa muhogo unaovutika, na sombe, yaani kisamvu, yenye karanga. Nilikula mpaka nikaona haya.

Asubuhi simu ilikuwa chajini tangu alfajiri. Ilipogota themanini nikaichomoa. Hajjati alikuwa anafunga mkate na mayai kwenye kitambaa.

"Mama Zaina, telefone ujaze yote. Kule ku mulima hakuna moto."

"Themanini zinanitosha, Hajjati. Nyumbani zinanifikisha hadi usiku."

"Nyumbani ni nyumbani. Ingoje kidogo."

"Betri hii nimeitunza miaka mitano. Sitaivunjia utaratibu leo."

Kulikuwa na muda. Bwambale, mwenye pikipiki aliyeitwa na Hajji anipeleke, alikuwa bado anakunywa chai. Kilichonizuia ni kiburi tu, hakuna kingine. Hajjati hakubishana. Alisema tu: "Sawa. Lakini ujue, ba Biira beko mingi. Kila nyumba iko na Masika yake na Biira yake."

Akanieleza nilichokuwa nimewahi kukisikia kwa mama bila kukitilia maanani: Wakonzo, watu wa kabila la mama, huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Biira mzee, anayeuza maharage, mwenye dada aliyeolewa mbali, wangekuwa wangapi?

Bwera hadi kwa Biira

Bwambale ni mtu wa makamo, mkristo, mpole, anaendesha pikipiki kama amebeba mayai. Pale Kyarumba sokoni tuliiacha pikipiki kwa kinyozi mmoja, rafiki yake, tukaanza kupanda kwa miguu. Kinjia kinapanda wima. Wanawake walitupita na magunia ya kahawa vichwani, wakisalimia bila kuhema, mimi nisiye na kitu nikiwa nimeinama kama natafuta sindano. Kila tuliyekutana naye Bwambale alimwuliza. Mama mmoja hakusita hata kidogo: "Biira wa maharage? Mwenye Masika wake alienda mbali? Iko pale juu, nyumba ya mabati mapya."

Tulimkuta anaanika maharage. Mwanamke mdogo wa mwili, kilemba cha kijani. Nikasema, "Wabukire," salamu niliyofundishwa na mama, halafu nikashindwa kuvuta subira: "Mimi ni mtoto wa Masika."

Ungo ukamtoka mikononi. Alinishika mashavu, akanikumbatia kiunoni maana hakufika juu zaidi, akalia kwa sauti. Majirani wakaja. Nami nikalia. Nikampigia Rehema hapohapo, simu ikiwa na sabini na nne.

Mama akatokea kwenye kioo, kilemba cheupe, ameegemea mto. "Biira!" akaita. "Masika!" akaita huyu. Wakalia wote wawili. Wakaongea Kilhukonzo kwa kasi, wakiingiliana, na mtandao ukikata kila mara. Nikipiga upya, wanaanza upya. Majirani walitaka kumwona Masika aliyerudi kutoka kwa waliopotea. Simu ikapita mikono kumi, juani, mwanga wa kioo umepandishwa mpaka mwisho. Ilikuwa ya moto kama chapati. Sikuangalia chochote. Nilikaa kwenye kigoda, nikapewa ndizi mbivu, nikajiona nimemaliza kazi niliyotumwa.

Ikapita saa nzima na zaidi. Ndipo nikasikia mama amenyamaza. Bwambale, aliyekuwa ananitafsiria, akanigeukia.

"Nini?" nikamwuliza.

"Mama yako ameuliza juu ya mbuzi zao, ile siku mto ulizibeba. Huyu anasema kwao hawakuwa na mbuzi. Anasema baba yao alikuwa anavua samaki, Kahendero."

Sauti ya mama ikaja kwa Kiswahili, taratibu: "Zaina, mwanangu. Huyu si mdogo wangu."

Biira yule bado alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Masika wake, alituambia baadaye, aliolewa Kongo, upande wa Beni, na ni miaka mingi hajasikia habari yake, kama yu hai au la. Mimi nilikuwa nimepanda mlima nikamwambia, asubuhi ile, kwamba ni mtoto wa Masika. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikatazama simu. Ishirini na mbili.

Biira akaniangalia, akatazama kioo, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Sijakasirika. Lakini mwambie aseme tena kidogo. Sauti yake ni nzuri."

Niliweka mkono kuichukua simu. Nawaambia ukweli, niliuweka. Nilikuwa nawaza mama mdogo wa kweli ambaye bado sijamwona, na daktari anayengoja, na ile ishirini niliyoiacha Bwera kwa hiari yangu, na moto ukiishia mikononi mwa mgeni. Lakini mama, kutoka kitandani kwake, alikuwa amesikia. "Mwache, Zaina. Tuache tuongee."

Wakaongea. Sasa walikuwa wanaongea taratibu, bila kulia. Bwambale hakunitafsiria, nami sikumwuliza. Nilisimama nikihesabu: kumi na tisa, kumi na saba, kumi na tano. Ilipofika kumi na tatu Biira mwenyewe alinirudishia.

"Inatosha. Wewe unatafuta Biira wa ng'ambo ile." Akaonyesha mgongo wa pili wa mlima. "Ule mwenye mdomo. Ninamjua sana. Sokoni tunagombania mahali pa kukaa." Akachukua fimbo yake. "Njia hutaiweza peke yako. Twende."

Kutoka Biira hadi Biira

Nilizima simu kabisa. Tulishuka hadi kijito, tukavuka kwenye gogo, tukapanda tena, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na aibu yangu. Nilijaribu kumwomba radhi. Akasema, "Unasema pole mara nne sasa. Angalia miguu, utaanguka." Alisimama mara moja tu, akachuma majani fulani akanipa nitafune kwa ajili ya kichefuchefu cha kupanda, na yalisaidia.

Biira wa kweli alikuwa mlangoni, anakoka moto. Nilimjua kabla hajageuka: shingo ni ya mama, mabega ni ya mama. Safari hii sikusema lolote kwanza. Bwambale ndiye aliyemweleza, polepole, hatua kwa hatua.

Biira akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mwenzake: "Wewe umeleta watu wa uwongo kwangu? Masika alikufa. Tuliambiwa zamani. Nikamlilia."

Nikawasha simu. Kumi na moja. Sikuthubutu picha, nikapiga ya sauti tu, nikafungua spika, nikaishika karibu na sikio lake. Nilisikia sauti ya mama ikisema neno moja, sijui ni neno gani la utotoni mwao, na yule mama mkali akakaa chini vumbini kama aliyekatwa miguu.

Bwambale alininong'onezea. Mama anaomba msamaha kwa ajili ya furushi, kwa ajili ya kipigo.

"Ongea kwa nguvu!" Biira akafoka. "Siku zote unameza maneno! Furushi gani?" Akasikiliza. "Nani alikuambia nilichapwa kwa furushi? Nilichapwa kwa sababu niliacha maharage jikoni yakaungua sufuria nzima! Miaka yote hii umebeba hiyo?"

Kutoka simuni nikasikia mama anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaanza kusema juu ya nyonga, na hospitali, na hofu yake. Kumbe ilikuwa hofu. Sisi watoto wake alitwambia msamaha, mdogo wake alimwambia hofu. Alikuwa katikati ya kumwuliza Biira aingie au asiingie, na simu ikazima. Ilikuwa na saba. Betri ya mwaka wa tano, hata ikitunzwa namna gani, ikifika chini haishuki ngazi kwa ngazi, inaruka.

Bwambale alikuwa na simu yake, lakini namba ya Rehema ilikuwa ndani ya yangu, Hajji naye hakuwa nayo, na kichwani sikuwa nayo hata tarakimu tatu. Mnaocheka, jiulizeni mnazijua ngapi kwa kichwa.

Nikamweleza mama mdogo kwamba simu imekwisha. Nilidhani atalaumu. Akainuka, akamwaga maji kwenye moto, akajifunga leso ya pili. "Amekwenda kuuliza kitu na sijajibu. Umeme iko wapi?"

"Sokoni, kwa kinyozi," akasema Bwambale. "Ana sola."

"Basi tunashuka."

Kwa kinyozi

Tuliteremka watatu na Bwambale, Biira wawili wakigombana njia nzima juu ya mahali pa kukaa sokoni, kwa raha kabisa. Kinyozi, Thembo, alichomoa mashine yake ya kunyolea ili atupe tundu. Mteja aliyekuwa kitini akaambiwa angoje; nikamkumbuka dereva wa Masaka.

Jambo la kwanza nililofanya simu ilipowaka ni kuuondoa ule mpango wa themanini. Nilitaka chochote ambacho jua lingetupa. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama na umeme uliingia kidogokidogo. Tulikula mihogo ya kuchoma na parachichi. Nilipoona ishirini na tano nikapiga, waya ukiwa bado umechomekwa.

Rehema alipokea kabla haijalia mara ya pili. Akasema mama ameketi vilevile, hajala, anangoja.

Sasa nikawasha picha. Dada wawili wakatazamana. Hawakulia. Biira akasogeza uso hadi pua ikajaa kioo.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe," akasema mama.

"Sikiliza." Bwambale alikuwa ananitafsiria sikioni, lakini sauti yenyewe ilitosha. "Niliambiwa umekufa, nikakulilia siku saba, na kazi shambani zikalala. Mimi nimekwisha kukulilia. Sitakulilia mara ya pili. Nenda hospitali."

Mama akainamisha kichwa, kama mtoto. "Nitakwenda."

"Na ule kabla ya kwenda. Naona shingo yako."

Hayo ndiyo yote. Biira akanirudishia simu, akasema mwanga wa kitu hiki unaumiza macho, akatoka nje kusalimia watu.

Kurudi

Nilirudi Bwera jioni ileile, na kesho yake nikaanza safari ya nyumbani. Njiani hakukuwa na la kusimulia ila dereva mmoja aliyesimama kuswali akasahau kuturudia kwa sababu alikaribishwa chakula. Tulimfuata, tukakaribishwa na sisi.

Mpango wa themanini nimeurudisha. Fundi wangu anasema kujaza mara moja kwa safari hakuiui betri, na kwamba hilo alikwisha kuniambia siku ya kwanza. Huenda. Sasa nina karatasi ndani ya pochi yenye namba sita, nimeziandika kwa kalamu ya wino.

Mama alipasuliwa. Kulikuwa na siku tatu mbaya za homa, mnazikumbuka, halafu zikapita. Sasa anatembea na fimbo hadi mlangoni, na juzi alifika hadi kwa jirani akarudi kwa hasira kwa sababu tulimfuata nyuma.

Namba ya Thembo tulibaki nayo. Kila Jumamosi, siku ambayo Biira wote wawili wanashuka sokoni, Rehema anapiga kwa kinyozi. Mama mdogo hachukui hata dakika mbili. Anauliza kama mama amekula, anauliza kama ametembea, anasema maharage yanamngoja, anaondoka. Anayebaki ni yule mwingine, wa Kahendero. Huyo anakaa kwenye kiti cha kunyolea, na Thembo ananyoa wateja wake wamesimama. Wanaongea nini sijui, maana Kilhukonzo sikijui, na mama nikimwuliza anasema, "Mambo yetu."

Jumamosi iliyopita mama mdogo hakushuka, mvua ilikuwa kubwa. Yule wa Kahendero alikuja peke yake, chini ya jani la mgomba. Nilikuwa nakunja sare pembeni. Jirani yetu aliingia, akamkuta mama anacheka simuni, akamwuliza anaongea na nani.

"Na mdogo wangu," mama akasema, akaendelea kuongea.